Umeme, gesi na maji nyumbani wakati wa mafuriko: nini kizimwe, lini, na nani azime

Mafuriko yanapotajwa, fikra za wengi huelekea kwenye maji yanayobeba watu, mifugo na nyumba. Hata hivyo, ndani ya nyumba iliyobaki imesimama kuna hatari nyingine tatu zisizoonekana kwa urahisi: umeme unaopita katika waya zilizolowa, gesi inayovuja kutoka kwenye mtungi ulioanguka, na maji ya bomba au kisima yaliyochanganyika na uchafu wa vyoo. Hatari hizo hubaki hata baada ya mvua kukatika na anga kutakata, wakati kaya nyingi zinapoamini kuwa balaa limepita.

Kuziepuka kunategemea zaidi wakati kuliko ujuzi. Swichi kuu inayozimwa maji yakiwa bado uani huokoa maisha. Swichi hiyohiyo ikiguswa na mtu aliyesimama ndani ya maji inaweza kumuua. Kwa sababu hiyo, uamuzi wa nini kizimwe, lini kizimwe na nani azime hauna budi kufanywa na kaya kabla ya msimu wa mvua.

Sehemu kubwa ya pwani ya kaskazini, nyanda za juu kaskazini mashariki na ukanda wa Ziwa Victoria hupata mvua za vuli kati ya Oktoba na Desemba, na masika kati ya Machi na Mei. Maeneo mengi ya kusini, kati na magharibi hupata msimu mmoja mrefu, kwa kawaida kuanzia Novemba hadi Aprili. Mwezi Desemba 2011, mafuriko makubwa yalilikumba Jiji la Dar es Salaam, na baadhi ya wakazi wa mabondeni walihamishiwa Mabwepande. Tarehe 25 Aprili 2024, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliliarifu Bunge kuwa watu 155 walikuwa wamefariki dunia na 236 kujeruhiwa kutokana na mvua kubwa za msimu huo, huku zaidi ya kaya 51,000 zikiwa zimeathirika.

Wakati huohuo, vyanzo vya nishati majumbani vimeongezeka. Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034 unalenga kuwafikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati hiyo ifikapo mwaka 2034. Nyumba ambayo miaka michache iliyopita ilikuwa na jiko la mkaa na taa moja, leo inaweza kuwa na mtungi wa gesi, jokofu, pampu ya maji na paneli za sola. Faida yake ni kubwa, ila inahitaji maarifa mapya ya kujikinga.

UMEME

Kila nyumba iliyounganishwa na umeme ina swichi kuu, ambayo kwa kawaida huwa karibu na mita ya LUKU au kwenye sanduku la fyuzi na sakiti breka. Mtu mzima na kijana yeyote aliye nyumbani anapaswa kujua ilipo, namna inavyozimwa na namna ya kuifikia gizani. Njia ya kuelekea kwenye swichi hiyo isizibwe na magunia, kabati wala pikipiki.

Swichi kuu izimwe mara maji yanapoanza kuingia uani, au mapema zaidi iwapo tahadhari ya mvua kubwa imetolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania na nyumba iko bondeni. Kabla ya hapo, vifaa vichomolewe kwenye soketi, na vinavyobebeka viwekwe juu. Anayezima awe na mikono mikavu, amevaa viatu vyenye soli ya mpira na asimame mahali pakavu.

Iwapo maji yamekwisha kufikia soketi, sanduku la fyuzi au mahali pa kusimama mbele ya swichi, swichi hiyo isiguswe kabisa. Watu watoke nje ya nyumba kwa njia isiyo na maji, na taarifa itolewe kwa ofisi ya TANESCO ya eneo husika ili umeme ukatwe kwenye nguzo. Mtu anayehisi ganzi au mtekenyo usio wa kawaida miguuni anapokanyaga maji arudi mara moja alikotoka, kwa kuwa hiyo ni dalili kwamba maji yale yana umeme.

Zipo dhana tatu zinazopaswa kusahihishwa. Ya kwanza ni kwamba umeme ukikatika mtaani, nyumba huwa salama. Umeme huweza kurudi wakati wowote bila taarifa, na ukirudi hukuta waya zikiwa ndani ya maji. Ya pili ni kwamba uniti za LUKU zikiisha, umeme umeondoka. Uniti zinapoisha, mita husimamisha umeme unaokwenda vyumbani tu. Waya unaotoka kwenye nguzo hadi kwenye mita hubaki na umeme. Ndivyo ilivyo pia swichi kuu inapozimwa: waya wa kutoka nguzoni bado ni hatari, na ni TANESCO pekee inayoweza kuukata. Ya tatu ni kwamba sola haina madhara. Paneli huzalisha umeme kila jua linapowaka, na betri huhifadhi nguvu hata usiku. Mfumo wa sola una swichi zake, nazo zizimwe mapema kama ile kuu.

Waya uliodondoka barabarani au uani uhesabiwe kuwa na umeme hata kama hautoi cheche. Watu wakae umbali usiopungua mita 10, na watoto wazuiwe kusogea. Ardhi inayouzunguka waya huo nayo huweza kubeba umeme, hivyo anayepiga hatua ndefu anaweza kupigwa na shoti kwa sababu miguu yake miwili imekanyaga sehemu zenye nguvu tofauti za umeme. Aliyejikuta karibu aondoke kwa hatua fupi za kuburuta miguu, nyayo zikiwa zimekaribiana.

Mtu akipigwa na shoti ndani ya nyumba, asishikwe kwa mikono. Kwanza umeme uzimwe, iwapo swichi inafikika bila kukanyaga maji. Ikishindikana, mwokoaji aliyesimama mahali pakavu anaweza kumtenganisha na chanzo kwa kutumia ubao mkavu au fimbo ya plastiki. Njia hiyo isitumike kamwe kwa waya za nje zilizodondoka kutoka kwenye nguzo. Hapo msaada wa pekee ni kuzuia wengine wasisogee na kuita wataalamu.

NYUMBA ZA KUPANGA

Katika miji mingi, nyumba moja hukaliwa na kaya nne, sita au zaidi zinazotumia mita moja ya LUKU. Mara nyingi mita na swichi kuu huwa ndani ya chumba cha mwenye nyumba, au kwenye korido yenye mlango wa chuma unaofungwa. Mpangaji hununua umeme kwa zamu na kuchangia gharama, lakini hana ufunguo wa mahali umeme unapozimwa. Mvua ikianza saa nane za usiku na mwenye ufunguo akiwa safarini, wapangaji wote hubaki ndani ya nyumba yenye umeme usioweza kuzimwa.

Tatizo hilo linaweza kutatuliwa bila gharama kubwa. Mwenye nyumba na wapangaji wakubaliane kwamba ufunguo wa ziada utakaa kwa mpangaji anayelala nyumbani siku zote, na kwamba wengine wote wanajua ni nani. Inapowezekana, swichi kuu ihamishiwe mahali pa wazi palipo juu, kazi ikifanywa na fundi mwenye leseni inayotolewa na EWURA. Wapangaji wenye hofu ya kulizungumza jambo hilo wanaweza kulifikisha kwa mjumbe wa shina au mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa, likawa ajenda ya mtaa mzima badala ya mgogoro wa chumba kimoja.

GESI

Gesi ya kupikia inayouzwa kwenye mitungi ni nzito kuliko hewa. Inapovuja haipandi juu ikatokea dirishani, bali hutambaa sakafuni na kujikusanya pembeni, chini ya kabati, kwenye mashimo na mifereji. Cheche ndogo ya swichi au kiberiti huweza kuilipua ikiwa mbali na mtungi wenyewe. Gesi asilia inayosambazwa kwa mabomba katika baadhi ya nyumba za Dar es Salaam, Mtwara na Lindi ni nyepesi kuliko hewa, nayo hujikusanya juu, chini ya dari. Kwa kuwa gesi hizi kwa asili hazina harufu, huongezwa kemikali yenye harufu kali ili uvujaji utambulike.

Tahadhari ya mafuriko inapotolewa, valvu ya mtungi ifungwe, regyuleta ichomolewe, kisha mtungi uwekwe mahali pa juu penye hewa ukiwa umesimama wima na kufungwa kwa kamba ili usianguke. Mtungi mtupu au uliopungua gesi huweza kuelea, kubebwa na maji na kugonga ukuta hadi valvu ikavunjika. Haifai kuuficha chumbani wala chini ya kitanda.

Panaposikika harufu ya gesi, milango na madirisha yafunguliwe na watu wote watoke nje. Valvu ifungwe iwapo inafikika kwa usalama. Swichi za umeme zisiguswe, si kwa kuwasha wala kwa kuzima, kwa kuwa vitendo vyote viwili huzalisha cheche. Hapa ndipo kanuni ya gesi inapotofautiana na ile ya mafuriko: maji yanapokaribia, umeme uzimwe mapema, gesi inapovuja, swichi iachwe kama ilivyo. Simu nayo ipigwe watu wakiwa nje, mbali na nyumba. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji linapatikana kwa namba 114.

MKAA, JENERETA NA MWANGA

Umeme na gesi vikishazimwa, kaya nyingi hurudi kwenye jiko la mkaa. Wakati wa mvua na baridi, jiko hilo huingizwa ndani, mlango hufungwa na watu hulala. Mkaa unaoungua mahali pasipo na hewa ya kutosha hutoa gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu. Anayeivuta huanza kuumwa kichwa, kupata kizunguzungu na kichefuchefu, kisha husinzia na anaweza kufariki dunia bila kuamka. Makaa yasiyotoa moshi huendelea kuitoa gesi hiyo, hivyo jiko lisilalwe nalo chumbani hata kama linaonekana limefifia. Ikiwa watu wawili au zaidi katika chumba kimoja wanaumwa kichwa kwa wakati mmoja, wote watolewe nje wapate hewa safi na wapelekwe kituo cha afya.

Jenereta hutoa gesi hiyohiyo. Iwekwe nje, isiyopungua mita 6 kutoka kwenye milango na madirisha, mahali pasipofikiwa na mvua. Kamwe isiunganishwe na nyumba kwa kuchomeka waya kwenye soketi. Umeme wake ukitoka hadi kwenye nguzo, transfoma huukuza ukawa wa maelfu ya volti, na fundi anayetengeneza laini akiamini haina umeme anaweza kuuawa. Nyumba inayotumia jenereta ifungiwe swichi ya kubadilishia, maarufu kama chenjiova, na fundi mwenye leseni.

Kwa mwanga, tochi na taa za kuchaji ni salama zaidi kuliko mishumaa na vibatari, ambavyo huwasha moto kwenye vyandarua na mapazia na huweza kulipua gesi iliyovuja.

MAJI

Mafuriko yanapovunja mabomba, maji machafu huingia kwenye mtandao. Koki kuu iliyo karibu na mita ya maji ifungwe mapema ili yaliyo kwenye tangi la nyumba yasichafuliwe. Tangi la juu lijazwe kabla ya mvua: maji yake yatatumika siku za dharura, na uzito wake hulizuia lisiangushwe na upepo. Tangi la chini ya ardhi na kisima vikifunikwa na mafuriko, maji yake yasinywewe hadi vitakaposafishwa na kutiwa dawa chini ya maelekezo ya Afisa Afya.

Viwango vya kimataifa vya misaada ya kibinadamu hutaja lita 15 kwa mtu kwa siku kwa mahitaji yote ya msingi. Familia ya watu watano ikijiandaa kwa siku tatu itahitaji lita 225, sawa na madumu 12 ya lita 20. Isipoweza kuhifadhi kiasi hicho, ihakikishe angalau madumu matatu ya maji ya kunywa yaliyofunikwa vizuri, ambayo ni wastani wa lita 4 kwa kila mtu kwa siku.

Maji ya kunywa yachemshwe hadi yatokote kwa dakika 1. Katika maeneo yaliyo juu ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, kama vile sehemu za Makete na Njombe, yatokote kwa dakika 3. Maji yenye tope yaachwe yatuame na kuchujwa kwa kitambaa safi kwanza. Panapokosekana kuni au gesi, vidonge vya kutibu maji vitumike kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, na maji yaachwe kwa nusu saa kabla ya kunywewa. Kuchemsha na kutia dawa huua vijidudu, lakini hakuondoi mafuta ya taa, petroli wala viuatilifu. Maji yenye harufu ya vitu hivyo yasitumike kabisa.

TETEMEKO LA ARDHI

Si kila dharura hutanguliwa na taarifa. Tetemeko lililoupiga Mkoa wa Kagera tarehe 10 Septemba 2016, lenye ukubwa wa 5.9, lilitokea mchana na kubomoa nyumba nyingi mjini Bukoba na maeneo ya jirani. Katika hali kama hiyo hakuna muda wa kuzima kitu chochote. Jambo la kwanza ni kujikinga na vinavyoanguka. Mtikisiko ukikoma, watu watoke nje. Valvu ya gesi ifungwe ikiwa iko njiani na hakuna kuta zilizopasuka, na swichi kuu izimwe ikiwa hakuna harufu ya gesi. Hakuna anayepaswa kurudi ndani kwa ajili ya kuzima kifaa.

KUREJEA NYUMBANI

Maji yakishapungua, shauku ya kurejea huwa kubwa: kuna matope ya kutoa, nguo za kuanika na watoto wa kulaza. Hata hivyo, nyumba iliyoingiwa na maji ikaguliwe kwa mpangilio ufuatao.

1. Mtu mzima mmoja aizunguke nyumba kwa nje wakati wa mchana, akitazama waya zilizolegea, nguzo zilizoinama, kuta zenye nyufa na paa lililoshuka.

2. Afungue mlango na kunusa kabla ya kuingia. Akisikia harufu ya gesi arudi nyuma na kutoa taarifa.

3. Asiwashe swichi yoyote. Fundi mwenye leseni akague waya, soketi na mfumo wa kupeleka umeme ardhini, na TANESCO ijulishwe iwapo mita au waya wa kutoka nguzoni umeguswa na maji.

4. Soketi, fyuzi na sakiti breka zilizozama zibadilishwe. Kuanika juani hakutoshi, kwa kuwa matope na chumvi hubaki ndani na kusababisha shoti siku au wiki kadhaa baadaye.

5. Jokofu, pampu, redio na runinga zilizolowa zisijaribiwe kwa kuwashwa; zifunguliwe na fundi kwanza.

6. Regyuleta na mpira wa gesi vilivyozama vibadilishwe. Mtungi ulioburutwa na maji urudishwe kwa wakala. Viungo vya mtungi mzima vipakwe povu la sabuni. Mapovu yakijitokeza, kuna uvujaji. Kiberiti kisitumike kupima.

7. Maji ya bomba yakirudi, yaachwe yatiririke hadi yawe meupe, na yaendelee kuchemshwa hadi mamlaka ya maji itakapotangaza kuwa ni salama.

Chakula nacho kichunguzwe. Jokofu lisilofunguliwa hutunza ubaridi kwa takriban saa 4, na friza iliyojaa kwa takriban saa 48. Chakula chochote kilichoguswa na maji ya mafuriko kitupwe.

MPANGO WA KAYA

Kamati za usimamizi wa maafa zipo hadi ngazi ya kijiji na mtaa, na wananchi wanaweza kuziomba elimu na ushauri kabla ya msimu wa mvua. Hata hivyo, hakuna kamati itakayofika katika kila chumba usiku wa manane. Kaya yenyewe ndiyo yenye kuamua nani atazima umeme, nani atafunga gesi, nani atamshika mkono bibi au mtoto mwenye ulemavu, na ni nani atachukua nafasi ya kila mmoja wao asipokuwepo. Majina hayo yaandikwe kwenye karatasi moja pamoja na namba ya Zimamoto 114, Polisi 112, ofisi ya TANESCO na mamlaka ya maji ya eneo husika, kisha karatasi hiyo ibandikwe ukutani mahali pa juu.

Zoezi la kujaribu mpango huo halizidi dakika kumi. Siku moja jioni, wanakaya wote waende kwenye swichi kuu, koki ya maji na mtungi wa gesi, na kila mmoja, akiwemo mtoto aliyefikia umri wa kuelewa na msaidizi wa kazi za nyumbani, aonyeshwe kwa vitendo namna ya kufunga na wakati ambao hapaswi kugusa. Iwapo katika zoezi hilo itabainika kuwa ufunguo wa mlango wa mita hauko nyumbani, hilo ndilo jambo la kushughulikiwa kesho yake asubuhi, mvua ikiwa bado haijaanza.